Picha zangu za mji ni safi, lakini hazina roho

*"Nilihamia mji mkubwa miezi minane iliyopita. Jioni nikitoka kazini hutembea na kamera, maana usingizi huwa mgumu kuja. Kuna kona moja chini ya daraja la waenda kwa miguu ambapo kila nikipita taa zikianza kuwaka, najisikia mdogo kabisa katikati ya watu wengi. Nataka picha ya hali hiyo. Nimeshapiga zaidi ya mia mbili. Zote ziko wazi, zimetulia, kila kitu kinaonekana, na zote zinafanana na picha za dalali anayeuza jengo. Nilianza na simu, nikanunua kamera na lenzi ile inayouzwa nayo, na sasa naambiwa ninunue lenzi ya tundu kubwa au nizigeuze picha ziwe nyeusi na nyeupe. Tena naona haya kuwalenga watu, kwa hiyo husubiri wapite ndipo nipige. Tatizo langu ni kifaa, jicho au woga?"*

Ndugu yangu, kifaa chako kinatosha, na jicho lako ni zima. Mtu anayeweza kuandika kwamba anajisikia mdogo katikati ya watu wengi ameshaiona picha yake, bado kuitoa tu. Woga una sehemu yake na nitaufikia. Ila kuna mkosaji mwingine ambaye hukumtaja: kamera yako ina bidii kupita kiasi. Imeundwa kusawazisha mambo. Ikiona giza hulitia mwanga, ikiona umanjano huuosha, ikiona mtu anatembea humgandisha, na kila kona ya picha huipa haki sawa. Wewe kilichokugusa pale chini ya daraja ni kutolingana: mwanga kidogo ndani ya giza kubwa, mtu mmoja mbele ya zege nyingi, mwendo mwingi kuzunguka utulivu mdogo. Kifaa kinakurudishia mandhari iliyolainishwa pande zote, ndiyo maana unamwona dalali.

Nianze na lenzi, maana hapo ndipo pesa zako zinataka kwenda. Lenzi ya tundu kubwa, tuseme f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), hupitisha mwanga mwingi na hufifisha kilicho nyuma ya mtu. Kwa picha ya sura ni jambo zuri. Kwa picha yako ni hasara, kwa sababu kilicho nyuma ya mtu ndio mji wenyewe, na wewe unataka mji uonekane ukimzidi. Ukiufuta utabaki na mtu mbele ya mapovu ya rangi, ambaye angeweza kuwa popote duniani. Lenzi uliyonayo ya milimita 18 hadi 55 inatosha kabisa kazi hii. Itakapokushinda utajua wazi imekushinda wapi, na siku hiyo ukinunua hutakuwa unabahatisha.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Kipimamwanga chake hakijui kama ni usiku au mchana. Kinachukua mwanga wote unaoingia, kinatafuta wastani, kisha kinarekebisha mambo ili wastani huo uangukie kwenye kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Mandhari ya kawaida ya mchana inapatana vizuri na hesabu hiyo. Kona yako ya jioni haipatani nayo, kwa kuwa robo tatu yake ni giza halali. Kamera inadhani umekosea, inaongeza mwanga hadi zege lililokutisha ligeuke kijivu cha ukuta wa ofisi, na taa iliyokuwa kitu pekee chenye uhai inaungua na kuwa doa jeupe. Simu huenda mbali zaidi: hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, huziunganisha, huinua vivuli na kushusha sehemu kali, halafu hukupa usiku ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona.

Dawa ni ndogo kuliko tatizo. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukishushe hadi -1, kisha -1.5, hata -2. Kila hatua moja nzima hukata mwanga nusu. Kwenye simu zima hali ya usiku, gusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye skrini, shikilia kidole hadi mwanga ujifunge, kisha buruta kidole kushuka. Utaona giza linarudi mahali pake na taa inapata rangi. Usiogope sehemu za picha kuwa nyeusi tii zisizoonyesha kitu. Mtazamaji hahitaji kuona kila tofali ndipo aamini kuna ukuta. Macho yake yakikosa kitu gizani yataanza kubuni, na kule kubuni ni nusu ya hisia unayoitafuta.

Gharama yake ni kwamba ukipiga picha ikiwa nyeusi sana, halafu nyumbani ukabadili mawazo na kuinua vivuli, utapata chembechembe nyingi na rangi chafu. Kwa hiyo hifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) kama kamera yako inaruhusu, na kwa wiki za mwanzo piga kila tukio mara mbili, moja kwa hesabu ya kamera na moja kwa hesabu yako, uzilinganishe kwa utulivu. Nakuonya mapema kwamba siku mbili tatu za kwanza utaipenda ile ya kamera, kwa sababu jicho limezoea kulishwa.

Rangi nayo inasawazishwa, tena kimyakimya. Kuna kitu kinaitwa mizani ya weupe, na kikiachwa kijiendeshe chenyewe hujaribu kufanya kila mwanga uonekane mweupe. Lakini mji wa jioni ni ugomvi wa rangi. Taa za sodiamu zilizobaki mitaani zinatoa mwanga wa rangi ya machungwa, karibu kelvini 2,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni machungwa, kubwa ni buluu). Taa nyingi nyeupe za LED ziko kati ya 3,000 na 5,000. Anga la buluu baada ya jua kuzama linaweza kupita 10,000. Ndani ya fremu moja una joto na baridi vikitazamana, na pale vinapokutana ndipo watu husema, "mji una kitu fulani jioni." Weka mizani yako kwenye alama ya jua, uiache hapo usiku kucha. Machungwa yatabaki machungwa na buluu itabaki buluu.

Hilo linatupeleka kwenye saa. Umesema hupita taa zinapoanza kuwaka, na hapo umejichagulia wakati mzuri bila kujua. Kuna dakika chache ambapo mwanga wa anga na mwanga wa taa unakaribiana nguvu. Kabla ya hapo taa ni mapambo tu, na baada ya hapo anga ni shimo jeusi. Karibu na Ikweta dakika hizo ni chache, kwa sababu jua huzama karibu wima: linashuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 chini yake linatumia kama dakika 24. Nchi zilizo mbali na Ikweta jua hushuka kimshazari na jioni huvutika. Kama mji wako uko karibu na Ikweta, ukifika umechelewa robo saa umeshakosa zaidi ya nusu. Fika mapema, simama, ungoje taa zikukute.

Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliweka kamera dirishani akaielekeza kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi. Sahani yake ya kunasia picha ilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, hivyo kila aliyetembea alifutika. Barabara ilitoka tupu kana kwamba kumepita tauni, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama pembeni ameinua mguu, anang'arishiwa viatu. Alitulia, akabaki. Picha hiyo inatambulika kama miongoni mwa za kwanza kabisa kumnasa binadamu. Kwangu inafundisha jambo zaidi ya historia: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, ndiyo inayoamua nani yuko mjini na nani ni upepo.

Picha zako mia mbili bila shaka zimepigwa kwa kasi ambayo kamera iliona ni salama, ili mtu asitikisike. Kwa 1/250 ya sekunde mtembea kwa miguu anaganda, kila kidole kinahesabika, na pilikapilika zote zinageuka sanamu. Shusha hadi 1/30 na miguu itaanza kuyeyuka. Kwa 1/8 watu wanakuwa michirizi yenye vichwa. Kwa nusu sekunde wanakuwa moshi. Hisia nazo hubadilika: 1/30 inasema watu wana haraka, nusu sekunde inasema watu hawa hawanijui. Wewe unayehisi udogo katikati ya umati ungeanza na 1/8, ukaegemea nguzo ya daraja, ukabana viwiko kwenye mbavu, ukatoa pumzi nusu ndipo ubonyeze. Kisha mtafute aliyetulia: anayesubiri basi, anayesoma ujumbe, aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Yeye atabaki mkali na wengine watampita kama maji yanavyopita jiwe. Ni mbinu kongwe, imetumika hadi wengine wameichoka. Mimi nimeichoka pia, ila kila mwaka naona mtu mmoja ameitumia akiwa na jambo la kusema, na inafanya kazi upya.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson ana picha ya mwaka 1932 iliyopigwa Hyères, Ufaransa: ngazi za mzunguko zinazotazamwa kutoka juu, na chini barabarani anapita mwendesha baiskeli. Ngazi ni kali, mwendesha baiskeli amefifia. Hakuna anayelalamika kwamba ametikisika. Nakutajia picha hiyo pia kwa sababu ya pale alipowekwa huyo mtu: mdogo, kwenye kona, jukwaa lote likiwa limemzunguka. Neno lako lilikuwa "mdogo". Udogo ni kipimo, unaweza kuupima kwa rula juu ya picha yenyewe. Mtu akijaza theluthi ya fremu si mdogo, hata uandike shairi chini yake. Akiwa sehemu moja ya ishirini ya urefu wa picha, na juu yake kuna zege, mtazamaji ataelewa kabla hajafikiri.

Basi toka chini ya daraja. Najua hapo ndipo ulipohisi, lakini unapohisi na unaposimama kupiga ni mahali pawili tofauti, na wengi hukwama hapa miaka mingi. Panda juu ya daraja, utazame kona yako kutoka kule. Au vuka barabara, rudi nyuma hatua hamsini, uvute lenzi hadi 55. Watu husema lenzi ndefu "inabana" umati. Kinachobana ni umbali wako. Ukiwa mbali, mtu wa mbele na mtu wa nyuma wake wanakuwa na ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo wanaonekana wamerundikana. Ukisogea karibu na milimita 18, wa mbele anakuwa jitu na wa nyuma anapotea, na mtazamaji anajiona yumo ndani ya msukumano. Zote mbili ni kweli za mji. Ya kwanza ni ya mtu anayetazama umati, ya pili ni ya mtu anayekanyagwa vidole. Barua yako ilinisomeka kama ya yule wa kwanza.

Juu ya nyeusi na nyeupe nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kuondoa rangi hakuongezi hisia. Kunaondoa kelele mojawapo, basi. Kama picha inasimama kwa umbo na kivuli, rangi ikitoka itapumua. Mtazame mpiga picha Fan Ho, aliyepiga Hong Kong miaka ya 1950 na 1960. Picha yake maarufu ya 1954 ina mwanamke mmoja, ukuta mrefu na kivuli kimoja kinachokatiza kwa mshazari. Hapo rangi ingefanya nini? Kivuli kile, kwa taarifa yako, alikiongeza mwenyewe kwenye chumba cha giza, pale picha za filamu zinapochapwa, kwa hiyo ukisikia mtu anasema zamani watu hawakuhariri picha, mwache aendelee na safari yake. Upande wa pili yuko Saul Leiter, aliyepiga New York kwa rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, mara nyingi kwa lenzi ndefu, kupitia vioo vyenye mvuke na matone, fremu nzima ikiwa kiza na mwavuli mwekundu mmoja. Ondoa wekundu ule na hakuna picha. Kwa kona yako, yenye ugomvi wa machungwa na buluu, ningebaki na rangi. Ukiona umbo linatosha bila rangi, badilisha. Ila ukibadilisha kwa sababu picha ilikuwa butu, utapata picha butu ya kijivu.

Mvua ikinyesha usikimbilie nyumbani. Lami iliyolowa huwa nyeusi zaidi, na papo hapo uso wake wa maji unakuwa kioo, kwa hiyo unapata giza na taa mara mbili kwa bei moja. Maji huakisi zaidi kadiri unavyoyatazama kwa mlalo, kwa hiyo chuchumaa, shusha kamera hadi karibu na ardhi, na barabara iliyokuwa na vidimbwi vitatu itakuwa ziwa. Vumbi na ukungu pia ni rafiki zako, mradi taa iwe mbele yako na hewa iwe katikati.

Watu sasa. Umeniambia husubiri wapite ndipo upige, na nilipofika hapo kwenye barua yako nilitabasamu. Unataka picha ya upweke katikati ya watu, halafu unawatoa watu. Unabaki na jengo, ndio huyo dalali. Haya yako siidharau. Mtu anayeona haya kumlenga mwenzake ana heshima, na heshima hiyo ndiyo itakayokuzuia kupiga picha za kudhalilisha. Habari njema ni kwamba picha unayoitaka haihitaji sura ya mtu yeyote. Migongo, maumbo meusi mbele ya taa, michirizi, watu wadogo wa mbali, vyote vinabeba hisia bila kumtambulisha mtu.

Tena acha kuwinda. Chagua jukwaa kwanza, panga fremu, weka mwanga, kisha simama hapo dakika ishirini uache mji uingie wenyewe. Ukishakuwepo kabla yao, watu hukuchukulia kama nguzo. Anayekuja kwa kasi akiinua kamera usoni mwao ndiye anayewashtua. Ukitaka usihangaike na kulenga, weka lenzi kwenye 18, tundu f/8, ulenge kwa mkono umbali wa mita 3. Kwa kamera za aina yako, kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu hadi mbali kitakuwa kikali vya kutosha. Mtu akikuona, mtazame, mpe salamu, mwonyeshe picha akitaka, na akikuomba uifute, ifute. Nimefuta picha nzuri sana kwa namna hiyo na bado nalala usingizi.

Kupiga na kuchapisha ni mambo mawili mbele ya sheria, na sheria hutofautiana sana. Ujerumani ina sheria ya tangu 1907 inayotaka idhini ya mhusika kabla picha yake haijasambazwa, ingawa inaruhusu pale mtu anapoonekana kama sehemu ndogo tu ya mandhari. Kanada, mwaka 1998, Mahakama ya Juu ilimpa fidia binti aliyepigwa picha akiwa na miaka 17, ameketi kwenye ngazi mjini Montreal, picha ikachapishwa kwenye jarida bila idhini yake. Kwingine mtu aliye hadharani hana madai mengi. Kwa hiyo ukifika pa kuuza picha, kuiweka kwenye tangazo au kuchapisha sura ya mtoto, usitegemee jibu langu. Mwone mwanasheria wa hapo ulipo, saa moja tu. Na kabla ya kupanda daraja lolote na kamera, uliza kama linalindwa. Madaraja, stesheni na majengo ya serikali yana kanuni zake kila nchi, na mlinzi hana muda wa kusikia habari za hisia.

Kuna mengine mawili ambayo siwezi kuyafanya kutoka huku. La kwanza, chapisha picha kumi kwenye karatasi, ukae na mtu anayepiga picha vizuri kuliko wewe, ana kwa ana, umwache azipange bila wewe kusema neno. Utajifunza zaidi kwa kuangalia mkono wake unasita wapi kuliko kwa maoni hamsini ya kuandikwa. La pili ni usingizi. Umeutaja mara moja na ukapita haraka, nami ningefanya kosa kupita nao. Kutembea jioni ni kuzuri, na upweke wa mji mgeni umetupata wengi. Lakini kama miezi minane sasa usingizi haujakaa sawa, na huo udogo unaousikia chini ya daraja unakufuata hadi kitandani, mwone daktari au mshauri, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Picha itakusubiri.

Ukirudi pale, nenda na mpango wa jioni moja tu: juu ya daraja, lenzi kwenye 55, mizani kwenye jua, -1.5, shata 1/8, kiwiko juu ya reli kama ni salama. Panga fremu ambayo zege linachukua sehemu kubwa na njia iko chini kabisa. Piga thelathini, usiangalie skrini hadi ufike nyumbani. Kisha nitumie mbili: ile unayoipenda, na ile ambayo imeharibika lakini kila ukitaka kuifuta mkono unasita.